Ghala na Chumba cha Uani: Gharama ya Kibali cha Kuongeza Nyumba Dar es Salaam

Hadi Septemba 2021, Benki ya Dunia ilipoisitisha kwa kasoro za takwimu, ripoti ya Doing Business ilikuwa mizani ambayo serikali nyingi zilijipimia utoaji wa vibali vya ujenzi. Kwa kila nchi ilihesabu hatua, siku na gharama za kujenga jengo moja la mfano katika jiji kuu la biashara: ghala jipya la ghorofa mbili lenye mita za mraba zipatazo 1,300. Ripoti imekwisha, mtazamo wake umebaki. Halmashauri bado husifiwa kwa kupunguza siku, na fomu ya mtandaoni huhesabiwa kuwa mageuzi. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho kinapotosha, kwa kuwa hakigusi ujenzi ambao wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaufanya, yaani kuongeza nyumba wanayoishi. Wingi wa siku huwazuia kidogo tu. Kinachowashinda zaidi ni gharama isiyopungua hata kazi inapokuwa ndogo.

Kwamba nyongeza hizi huhifadhi watu wengi, watafiti wamekwisha kukubaliana. Graham Tipple (2000) alilionyesha kwa Misri, Ghana, Bangladesh na Zimbabwe. Huba Nguluma (2003) na Shaaban Sheuya (2004) wakalionyesha kwa Dar es Salaam. Ubishi uko kwenye sababu za kukwepa kibali. Wafuasi wa mchumi Hernando de Soto, ambaye mawazo yake ndiyo yaliyoibua MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, mwaka 2004, hushikilia kwamba tatizo ni umiliki usiorasimishwa: mtu akipata hati, ataingia kwenye mfumo mwenyewe. Hoja hiyo haiielezi Sinza ya Dar es Salaam. Viwanja vyake vilipimwa katika mradi wa viwanja na huduma ulioanza miaka ya 1970, na barabara zikatengwa mapema. Leo fremu za biashara zimesogea hadi ukingo wa viwanja na vyumba vya kupangisha vimejaza uani. Ni vigumu kuamini kwamba vyote hivyo vimepita mezani kwa afisa mipango miji.

Tuangalie kazi yenyewe kwa karibu. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni ina vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na nyuma kuna uani penye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba anataka chumba kimoja zaidi ili apate kodi ya kumsomeshea mtoto. Fundi ataegemeza chumba hicho kwenye ukuta wa uzio, hivyo atajenga kuta tatu tu. Msingi utachimbwa mwaka huu, tofali zitapangwa fedha zikipatikana, bati litakuja mwisho.

Sasa tuweke kibali kando ya kazi hiyo. Halmashauri inataka michoro, na kwa kuwa nyumba ya zamani mara nyingi haina ramani, itabidi yote ipimwe na kuchorwa upya. Inataka uthibitisho wa umiliki, lakini hati ina jina la baba aliyekwisha kufariki. Ndugu waende kwanza mahakamani kufungua mirathi. Inataka risiti za kodi ya pango la ardhi, kwa hiyo malimbikizo ya miaka yalipwe. Ada ya kibali ni kipande kimoja tu cha mzigo huu, na kuipunguza hakutabadilisha mengi. Chumba kimoja kinabeba takriban nyaraka zilezile ambazo nyumba nzima ingezibeba, tena gharama yake yote hudaiwa mwanzoni, ilhali fedha za mjenzi huja kidogo kidogo.

Wapo watakaohitimisha kwamba kibali cha nyongeza kifutwe. Sikubaliani nao hata kidogo. Chumba kilichojengwa bila jicho la mtu mwingine huziba dirisha la mpangaji wa nyuma, huondoa upenyo wa kupitisha mpira wa gari la majitaka, na moto ukizuka hakuna pa kutokea. Madhara hayo humwangukia mpangaji na jirani, watu ambao hawakuulizwa.

England, ambako sheria ya mwaka 1947 ilikuwa kielelezo cha sheria ya mipango miji ya Tanganyika ya mwaka 1956, ilitenganisha zamani nyongeza ndogo na kazi kubwa. Nje ya maeneo yenye ulinzi maalumu, nyongeza ya nyuma isiyo na ghorofa, inayochomoza hadi mita 3 kwa nyumba iliyoungana na jirani au mita 4 kwa nyumba inayojitenga, kwa kawaida haihitaji kuombewa kibali cha mipango miji ikitimiza masharti ya urefu na mpaka. Kanuni za uimara wa jengo hubaki palepale. Anayevuka kiwango akalazimika kuomba kibali hicho ndiye anayelipa ada yake, ambayo Aprili 2025 ilipandishwa hadi pauni 528.

Nitaambiwa kwamba kulegeza ni kukaribisha maafa. Lakini jengo la mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa la ghorofa 16, na lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 nalo lilikuwa ghorofa la biashara. Huko ndiko wakaguzi wachache tulio nao wanakohitajika. Kila saa wanayotumia kuandika X ya kubomolewa kwenye ukuta wa chumba cha uani imepotea kwa jengo linaloweza kuua.

Napendekeza ngazi mbili. Ghorofa, fremu na majengo mapya yabaki na kibali kamili. Chumba cha makazi kisicho na ghorofa kijengwe kwa mchoro wa mfano unaotolewa bure na halmashauri, baada ya ofisi ya mtaa na majirani kuthibitisha mambo matatu: mwanga, njia na mpaka. Ukaaji uliothibitishwa utoshe badala ya hati. Huenda baadhi ya ofisi za mtaa zitaitumia nafasi hiyo vibaya. Ndiyo maana uamuzi ubandikwe hadharani na jirani awe na haki ya kukata rufaa. Sheria ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimudu ndiyo pekee itakayomlinda mpangaji wa chumba cha nyuma.