Jeraha Lisilotoka Damu: Walimu na Watoto wa Vurra

Vurra iko kusini ya mji wa Arua. Ng'ambo ya mpaka ni Kongo, iliyoitwa Zaire zama zile. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, askari wa serikali iliyofuata walilipiza kisasi katika Nile Magharibi. Mwezi Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci waliuawa. Maelfu walikimbilia Zaire na Sudani.

Waliorejea walijenga upya nyumba na madarasa, lakini nyoyo za watoto hazikupata fundi. Hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955, iko Kampala, mamia ya kilomita kutoka huko. Aliyekuwa karibu na mtoto ni mwalimu, naye hakufunzwa kulitambua jeraha lisilotoka damu. Mtoto aliyenyamaza, au aliyeshtuka kwa kishindo, aliweza kudhaniwa mkaidi na kuchapwa.

Mwaka 2016 sheria ya watoto ya Uganda ilipiga marufuku kiboko shuleni. Hata hivyo, kuondoa kiboko si kuleta tiba. Yapasa vyuo vya ualimu vifundishe dalili za hofu na huzuni, na kila shule ijue zahanati ya kumpeleka mtoto. Nasi, ndugu walimu, kabla ya kumwuliza mtoto kwa nini hakujibu, tumwulize alilalaje usiku.