Shati la Juliana

Kabla Juliana haijawa jina la ugonjwa, ilikuwa nguo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 nguo zilikuwa adimu, na mashati ya Juliana yaliingia Bukoba kwa magendo kutoka Uganda. Kijana aliyelivaa alionekana ana hela. Kisha vijana wa biashara hiyo wakaanza kukonda na kufa, na ugonjwa ukabandikwa jina la shati. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa hapa Kagera, mwaka 1983.

Historia hiyo imeandikwa sana, na karibu yote inaanzia kwenye kitanda cha hospitali. Mimi ningependa ianzie kwenye albamu.

Ya bibi iko Muleba. Nilikwenda kupiga picha za picha: natandaza albamu dirishani, napiga kwa simu, namuuliza nani ni nani, naandika. Kwenye moja, nyuma imeandikwa 1982, vijana wanne wamesimama mbele ya migomba. Baba mdogo yuko kulia, kifua mbele, shati linang'aa. "Hilo ndilo Juliana, waitu," bibi akasema, akacheka kidogo.

Halafu kuna picha zenye matundu. Si kila mtu alikuwa na picha ya peke yake. Akifariki, uso wake ulikatwa kwa mkasi kutoka picha ya kundi, ukapelekwa studio kukuzwa kwa ajili ya msiba. Nilihesabu matundu sita. Bibi anaweka kidole kwenye kila moja na kutaja jina, bila kusita. Yeye ndiye wa mwisho anayeweza.

Uganda, kina mama wa NACWOLA walioishi na virusi walianza miaka ya 1990 kuwaandikia watoto vitabu vya kumbukumbu, vyenye picha na habari za ukoo. Nyumbani kwetu hakuna aliyeandika. Mabibi walilea wajukuu, wakanyamaza.

Kati ya wale wanne amebaki baba mkubwa, yuko Mwanza. Nilimtumia picha kwa WhatsApp. Akapiga simu mara moja. "Usiiweke kwenye grupu la ukoo," akasema. "Wanangu wanajua baba zao wadogo walikufa kwa malaria." Nikamwomba angalau niandike, bila majina. Akakaa kimya, kisha akauliza kama shati linaonekana vizuri. Lilikuwa lake, alimwazima mdogo wake siku ile.