Maji Yanapokatika Kisiwani: Utaratibu wa Watoa Huduma ya Maji Kuomba Msaada Wakati wa Dharura

Mei 4, 2024, Kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu katika Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kutoa taarifa za mwenendo wake kwa siku kadhaa. Kimbunga hicho kilipungua nguvu, lakini kiliacha funzo kwa wasimamizi wa huduma za jamii: bahari inapochafuka, kisiwa hubaki peke yake. Chombo hakivuki kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, na kipuri cha pampu kilichopo bara hakina faida hadi upepo utulie.

Kwa sababu hiyo, kila mtoa huduma ya maji anapaswa kufahamu mapema ombi la msaada linapelekwa wapi, linabeba taarifa gani na ni lipi la kufanywa kabla msaada haujafika.

Hali ya pekee ya visiwa

Wakazi wa Mafia hutegemea zaidi maji ya ardhini. Katika visiwa vya aina hii, maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Mawimbi ya dhoruba yakivuka ufukwe, visima vifupi huweza kuharibika kwa muda mrefu. Umeme ukikatika, pampu husimama hata kama kisima ni kizima.

Katika visiwa vidogo zaidi, tatizo ni kubwa. Wananchi wa Jibondo wamewahi kuishi miaka mingi wakivuka bahari kwa mashua kufuata maji. Shungimbili, kisiwa kidogo ambacho ni sehemu ya maeneo tengefu ya bahari, hakina mtandao wa maji wa umma. Anayekuwapo huko, awe mfanyakazi, mgeni au mvuvi aliyekimbilia ufukweni, hutegemea maji yaliyohifadhiwa au yaliyoletwa. Watu wa namna hiyo husahaulika kwa urahisi katika hesabu ya wahitaji, kwa kuwa hawamo katika orodha ya wateja.

Nani anawajibika

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya Mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanza kazi Julai 1, 2019. Katika ngazi ya kijiji, miradi huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii (CBWSO). Mijini, huduma hutolewa na mamlaka za maji zinazodhibitiwa na EWURA.

Kwa upande wa maafa, Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya Mwaka 2022 inaweka kamati kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi taifa. Uratibu wa kitaifa upo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kupitia Idara ya Menejimenti ya Maafa.

Ombi linavyopanda

Msingi wa utaratibu ni kwamba kila ngazi hutumia kwanza uwezo wake, kisha hupandisha ombi pale uwezo huo unapozidiwa. Chombo cha jamii hutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji na kwa Meneja wa RUWASA wa Wilaya. Meneja hutathmini na kutumia mafundi na vifaa alivyonavyo. Yakizidi uwezo wake, suala huenda katika njia mbili kwa pamoja: ya kisekta, kupitia RUWASA Mkoa hadi Wizara ya Maji, na ya maafa, kupitia kamati ya wilaya, kisha ya mkoa, na hatimaye Ofisi ya Waziri Mkuu.

Njia hizo hazishindani. Ya kwanza huleta fundi, pampu na dawa. Ya pili huleta usafiri, ulinzi, afya na misaada mingine. Katika kisiwa, fundi asiye na chombo cha kumvusha hana msaada.

Ombi linalotekelezeka

Ombi linalosema tu kwamba "hali ni mbaya" humlazimu anayelipokea kuuliza upya, na muda hupotea. Ombi kamili hutaja mambo yafuatayo:

- Mahali, saa ya tukio na idadi ya watu wasio na maji, wakiwamo wasio wateja.
- Kilichoharibika: chanzo, pampu, umeme, bomba, tangi au ubora wa maji.
- Kilichokwisha kufanyika na akiba iliyobaki, kwa saa au siku.
- Kinachohitajika kwa kipimo: aina na nguvu ya pampu, kipenyo cha bomba, kiasi cha dawa na lita za mafuta.
- Mahali pa kushushia mzigo, hali ya maji kupwa na kujaa, na mtu wa kuupokea.
- Vituo vya kupewa kipaumbele, hususan zahanati, hospitali na shule.

Viwango vya Sphere vinavyotumika katika misaada ya kibinadamu hukadiria angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na bomba moja kwa watu 250. Kijiji cha watu 2,000 kitahitaji lita 30,000 kwa siku na mabomba manane. Bara, hizo ni safari tatu za boza la lita 10,000. Kisiwani kusikofika boza, ni madumu 1,500 ya lita 20, kila siku. Hesabu hiyo ndiyo inayoonesha kwa nini kutengeneza maji hapo hapo mara nyingi ni nafuu kuliko kuyasafirisha.

Makubaliano kabla ya dhoruba

Katika nchi nyingine, watoa huduma husaidiana kwa mikataba iliyosainiwa mapema. Mtandao wa aina hiyo ulioanzishwa California, Marekani, mwaka 1992 huwezesha taasisi moja kuazima mafundi na mitambo ya nyingine, huku gharama na dhamana zikiwa zimekwisha kukubaliwa. Kwa Mafia, maandalizi kama hayo yanamaanisha pia kuweka vipuri, dawa na mafuta kisiwani kabla ya msimu wa masika.

Wajibu wa mwananchi

Wananchi wanakumbushwa kuhifadhi maji safi katika vyombo vyenye mifuniko mara TMA inapotoa tahadhari, na kutoa taarifa mapema kwa uongozi wa kijiji pale maji yanapobadilika rangi, harufu au ladha. Maji yenye shaka yachemshwe au yatiwe dawa kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Hata hivyo, kuchemsha na dawa huua vimelea tu; haviondoi chumvi. Kisima kilichoingiwa na bahari kisitumike kwa kunywa hadi kipimwe na wataalamu.