Ngome Kongwe: Kuta za Vita na Matumizi ya Amani

Waomani walipowashinda Wareno mwishoni mwa karne ya 17, walijenga Ngome Kongwe ya Unguja mahali palipokuwa na kanisa la Kireno. Baadaye ngome ikawa gereza, kisha ikatumiwa kwa shughuli za reli ya Bububu. Katika miaka ya 1990 ilikarabatiwa, ukajengwa ndani ukumbi wa wazi wa ngoma, tamthilia na filamu.

Sisi tulio Kibirizi, jirani na stesheni ya Kigoma iliyoletwa na reli ya mwaka 1914, twajifunza nini? Kwamba kukarabati si kufuta. Wafungwa wasisahauliwe kwa kuwa leo panaimbwa. Nalo jengo lisilo na nafasi kwa wenyeji, hata likipakwa chokaa, litabaki gofu.