Mizani Smati za Kupima Mafuta ya Mwili: Wanaspoti, Cheki Hizi Vitu Kabla Utoe Doo

Siku hizi ukiingia jimu yoyote mtaani hukosi msee anabonga asilimia. "Niko kumi na mbili, nataka kushuka hadi nane." Hiyo nambari ameitoa kwa mizani smati, ile bapa ya kioo unakanyaga miguu mitupu halafu simu inakuletea ripoti nzima: uzito, mafuta, misuli, maji, mifupa, hadi umri wa mwili. Kwa bondia, mkimbiaji, mchezaji wa boli ama raga, hiki kifaa kinaweza kukusaidia kujua kama tizi na dishi zinafanya kazi. Pia kinaweza kukupoteza mbaya. Tofauti ni kujua kinapima nini, na wapi kinakisia tu.

Inapima nini hasa?

Wacha tuambiane ukweli: mizani haioni mafuta. Inapima vitu viwili tu. Kwanza ni uzito wako. Pili ni vile umeme mdogo sana, ambao hata huusikii, unapita ndani ya mwili. Misuli ina maji mengi na chumvi, kwa hivyo umeme unapita freshi. Mafuta yana maji kidogo, kwa hivyo yanauzuia. Mizani inachukua hicho kizuizi, inachanganya na urefu, umri, jinsia na uzito wako, inaweka kwa fomula, halafu inatoa jibu.

Hiyo fomula ilitengenezwa kwa kupima watu wengi kwa njia zingine, kisha kutafuta wastani wao. Kama mwili wako unafanana na wa hao watu, jibu litakaribia ukweli. Mwanaspoti mara nyingi hafanani nao. Ana misuli mingi kuliko mtu wa kawaida wa urefu na umri wake, na hapo ndipo mizani nyingi huteleza. Kampuni ya Omron yenyewe inaandika kwa vijitabu vyake kwamba matokeo ya wajenga misuli na wanariadha waliokomaa yanaweza kuwa na kasoro.

Kwa hivyo mizani ikikuambia asilimia 12, usiape nayo. Ukweli unaweza kuwa pointi kadhaa juu ama chini. Kwa msee wa kilo 70, pointi nne tu ni karibu kilo tatu za mafuta. Si kitu kidogo.

Vitu za kucheki dukani

*1. Uzito kwanza.* Kama mizani inakosea uzito, hayo mengine yote ni hadithi. Panda mara tano ukifuatanisha. Majibu yanafaa kukaribiana sana. Halafu fanya mtihani wa unga: panda mikono mitupu, shuka, kisha panda tena ukiwa umeshika pakiti ya unga ya kilo mbili. Tofauti iwe kama kilo mbili hivi. Rudia na chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni kama nusu kilo. Ikikataa kubadilika, kuwa rada. Kuna mizani hukumbuka jibu la mwisho na kulirudisha ikiona uzito unakaribiana, ndio zikae ni kama ziko sahihi. Mtu anayefuatilia mabadiliko madogo hana haja na hiyo.

*2. Vyuma vya mikono.* Mizani nyingi za bei ya chini zina vyuma vinne, vyote chini ya miguu. Umeme unapanda mguu mmoja na kushuka mwingine, kwa hivyo kifua, mabega na mikono havipimwi vizuri. Zinajazwa na fomula. Kuna zingine ziko na mshikio wa kushika, jumla vyuma vinane, na umeme unapita mikono pia. Omron na Tanita wako na aina kama hizo. Kama wewe ni bondia, muogeleaji ama mtu wa raga, nguvu yako nyingi iko juu, na hizi ndizo zinakufaa. Lakini hakikisha ile unanunua inaunga na simu, kwa sababu si zote.

*3. Modi ya mwanariadha.* Hii ni fomula tofauti kwa watu wanaopiga tizi kinoma. Tanita wanasema ni ya mtu anayefanya mazoezi makali angalau saa 10 kwa wiki, na ambaye moyo wake unapiga kama mara 60 kwa dakika ama chini akiwa ametulia. Kama unaenda jimu mara tatu kwa wiki na nusu ya muda uko kwa simu, hiyo si yako, buda. Ukiiwasha, mafuta yatashuka ghafla kwa skrini na mwili haujabadilika hata kidogo. Chagua modi moja mwanzoni na ukae nayo.

*4. Apu na data.* Mizani kama ile ya Xiaomi inatumia Bluetooth, kwa hivyo simu lazima iwe karibu. Zingine kama Garmin Index S2 na Withings Body+ zinatuma data zenyewe kwa waifai. Kama tayari una saa ya Garmin, ni rahisi kila kitu kuwa sehemu moja. Cheki kama apu inakuonyesha grafu ya wiki na miezi, na kama inakuruhusu kutoa data yako ukitaka kuhama. Pia soma nani anaona hiyo data. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, taarifa za afya ni nyeti, si za kurushwa ovyo. Timu ikitumia mizani moja, kila mchezaji awe na akaunti yake.

*5. Usilipie mapambo.* "Vipimo 13 kwa moja" inakaa poa kwa boksi. Lakini umri wa mwili, uzito wa mifupa na protini vyote vinatoka kwa ule ule uzito na ule ule umeme. Kuongeza mistari kwa ripoti hakuongezi ukweli. Mizani yenye vipimo vinne thabiti inashinda yenye 20 za kubahatisha.

Kupima pia kuna form yake

Mizani ghali ikitumiwa vibaya ni sawa na ya bei ya chini. Kunywa nusu lita ya maji halafu upande: uzito umeongezeka, lakini hayo maji bado yako tumboni, hayajafika kwa misuli, kwa hivyo mizani inaweza kuyahesabu kama mafuta. Ukiwa umekauka, umeme unapita kwa shida na mafuta yanaonekana mengi. Ukitoka tu kukimbia, ngozi ikiwa moto na jasho, jibu linabadilika tena. Kriatini nayo inavuta maji kwa misuli, kwa hivyo kama umeanza kuitumia juzi, tarajia nambari kucheza.

Dawa yake ni kufanya vile vile kila mara:

- Asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai na kabla ya tizi.
- Miguu mitupu, safi na kavu.
- Sakafu ngumu ya saruji ama tailsi. Zulia linaharibu.
- Mizani ile ile, modi ile ile.
- Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha, halafu chukua wastani.

Madem, kuna kitu ya ziada: mwili hushika maji tofauti kulingana na siku za mwezi. Linganisha wiki moja na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, si na juzi.

Na onyo la maana: mtu mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo ndani ya mwili asikanyage hizi mizani. Watengenezaji pia hawashauri wajawazito kuzitumia kupima mafuta.

Soma mwelekeo, wacha nambari ya leo

Hapa ndipo mizani inarudisha pesa zako. Tuseme ulianza na kilo 70 na mafuta asilimia 12. Hiyo ni kilo 8.4 za mafuta. Baada ya wiki nane uko kilo 72, na mafuta asilimia 11.5, yaani kama kilo 8.3. Mizani ya kawaida ingekuambia umenona. Hii inaonyesha mafuta yamekaa pale pale na kile kimeongezeka ni kama kilo mbili za misuli na maji. Hata kama ile 12 ya kwanza ilikuwa na kasoro, kasoro hiyo inaelekea kuwa imebaki ile ile, kwa hivyo mwelekeo bado una maana.

Usiishie hapo. Weka mizani kando ya vitu zingine: muda wako wa kilomita tano, uzito unaoinua, kiuno kwa futi ya fundi, na vile unalala. Kama nambari inashuka na muda wako unazidi kuwa mbaya, amini muda.

Chini sana ni noma

Baraza la Mazoezi la Marekani, ACE, linaweka wanariadha wanaume kwa asilimia 6 hadi 13 na wanawake 14 hadi 20. Kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila: kama 2 hadi 5 kwa mwanaume, 10 hadi 13 kwa mwanamke. Hayo yanalinda viungo na kutengeneza homoni. Si ya kuchoma.

Mwaka wa 1997 huko Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya takriban mwezi mmoja wakijaribu kushusha uzito haraka kwa jasho na kujinyima maji. Baada ya hapo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilibadilisha sheria. Mwanamieleka hawezi kupangiwa uzito unaomshusha chini ya asilimia 5 ya mafuta, na lazima mkojo wake upimwe kuonyesha ana maji mwilini kabla mafuta yapimwe. Yaani hata wao walijua kipimo cha mtu aliyekauka hakifai kuaminiwa.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki nayo ilitoa tahadhari mwaka wa 2014 kuhusu wanaspoti wanaokula chini ya kile mwili unatumia. Dalili ni kama hizi: hedhi kupotea, mifupa kupata nyufa, homa za kila saa, uchovu usioisha, hasira za ovyo. Hii inashika machali na madem. Ukiona hizo, weka mizani kando, kula, na uone daktari. Na kocha akianza kusoma asilimia za watu mbele ya timu nzima, huyo anatumia kifaa vibaya.

Kwa hivyo ununue gani?

Kama unaanza na mfuko ni mwepesi, mizani ya vyuma vinne inayopita mtihani wa unga inatosha. Soma grafu yake tu. Kama unashindana kwa uzito ama mchezo wako ni wa mwili wa juu, ongeza doo upate yenye mshikio wa mikono na modi ya mwanariadha. Kama uko kwa timu, nunueni moja nzuri na muweke siku na saa moja ya kupima.

Na kama kuna uamuzi mkubwa, kama kushuka daraja la uzito kwa ndondi, usiufanye na mizani ya kejani peke yake. Tafuta mtu anayejua kupima ngozi kwa kalipa, ama hospitali yenye DEXA, eksirei inayotenganisha mifupa, mafuta na misuli. Hata hizo hukosea kidogo, lakini zinakupa jibu la pili. Kabla ukate kilo za mwisho, jibu la pili ni muhimu.