Watoto Walipopiga Kura Mahakamani

Mwezi Machi 2000, ndani ya jengo la mahakama kuu jijini London, wanafunzi wa shule moja ya bweni waliketi katika chumba cha mahakama, wakajadili masharti ya suluhu kati ya shule yao na serikali, wakapiga kura na kuyakubali. Mawakili walikuwa wameyaafiki tayari, lakini shule ilikataa kutia saini kabla watoto hawajaulizwa.

Shule hiyo ni Summerhill. Aliianzisha A. S. Neill, mwalimu Mskoti, mwaka 1921 nchini Ujerumani, karibu na Dresden. Tangu 1927 ipo Leiston, mashariki mwa Uingereza. Walimu wapo na ratiba ipo, ila mtoto halazimishwi kuingia darasani. Wanaodhani huo ni ulegevu hawajausikia mkutano wa shule, ambamo sheria za maisha ya pamoja hutungwa na wanaozivunja huadhibiwa. Humo kura ya mtoto mdogo kabisa ni sawa na ya mkuu wa shule, na Neill mwenyewe aliwahi kushindwa.

Mwaka 1999 wakaguzi wa Ofsted, idara ya serikali ya ukaguzi wa shule, walikosoa uhuru huo. Waziri wa Elimu, David Blunkett, akaitaka shule ihakikishe watoto wanasoma kwa utaratibu, la sivyo ingeweza kufutiwa usajili. Kwa shule hii, kutii kulikuwa sawa na kufungwa. Ikakata rufaa.

Ni kweli kwamba Summerhill hutoza ada, na wanafunzi wake hawakufika hata 100. Mzazi maskini hakuwa na nafasi ya kujaribu falsafa hiyo kwa mwanawe. Lakini hoja ya serikali haikuwa umaskini. Ilikuwa mahudhurio, kwa sababu mahudhurio yanahesabika. Fomu ya ukaguzi haina safu ya kuandika iwapo mtoto ameingia darasani kwa hiari au kwa hofu, nanyi watumishi wa umma mnazijua fomu za namna hiyo.

Katika suluhu, serikali iliondoa dai la vipindi vya lazima, ikakubali pia kwamba wakaguzi wazingatie falsafa ya shule na maoni ya wanafunzi. Ukaguzi kamili wa mwaka 2007 ulitoa taarifa nzuri. Vipindi vilikuwa bado vya hiari.