Mtungi wa Akiba na Mpira wa Tyubu

Asubuhi ukisimama karibu na stendi ya Tukuyu utaona ndizi zikisafiri. Mikungu hufungwa nyuma ya baiskeli na pikipiki kwa mipira mieusi iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Mpira huo haupigwi fundo kama kamba. Huvutwa, huzungushwa, na ncha yake huchomekwa chini ya mzunguko wa mwisho. Pikipiki ikiingia shimoni mzigo unacheza kidogo, kisha unarudi mahali pake. Wazamiaji wa mapangoni huko Florida, Marekani, nao walikata tyubu namna hiyo hiyo, wakazitumia kufunga mitungi ya hewa mwilini. Sijasoma popote kwamba mmoja alijifunza kwa mwingine. Nadhani kila mmoja alikuwa na mzigo, na kila mmoja alikuwa na tyubu iliyochoka.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa muda nimekuwa nikifuatilia kifaa kimoja kidogo: mtungi wa akiba. Mzamiaji wa kawaida hubeba mtungi mkubwa mgongoni. Hewa ikimwishia, au regyuleta ikimharibikia, hutegemea mwenzake ampe ya kwake. Anayezama peke yake, au kwenye maji yenye giza ambamo mwenzake anaweza kupotea kwa hatua mbili, hubeba mtungi wa pili, mdogo, wenye regyuleta yake mwenyewe. Kazi yake ni moja tu: kumrudisha juu.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu kifaa hiki hakieleweki. Mtungi wa lita 3 uliojazwa hadi baa 200 una lita 600 za hewa ukiipima juu ya maji. Mtu aliyeshtuka anaweza kuvuta lita 30 kwa dakika. Kwenye kina cha mita 30 baharini shinikizo ni mara nne ya lile la juu, kwa hiyo lita hizo 30 zinakuwa 120. Mpe dakika moja ya kutulia na kushika regyuleta ya pili: 120 zimekwenda. Mpandishe polepole, mita 9 kwa dakika: karibu lita 250. Msimamishe dakika tatu kwenye mita 5, kama inavyoshauriwa: lita 135 hivi. Jumla ni kama lita 505. Sasa badala ya dakika moja ya kutulia mpe mbili, kwa sababu mtungi ulifungwa vibaya na regyuleta yake imekwama chini ya mkanda. Jumla inakuwa 625, na mtungi una 600. Ndiyo maana nasema historia ya mtungi wa akiba ni historia ya kufunga, kuliko ilivyo historia ya mtungi wenyewe.

Vitabu havisimulii hivyo. Hutupa majina na miaka: Yves Le Prieur na kifaa chake cha 1926, kisha Jacques Cousteau na Émile Gagnan mwaka 1943 na regyuleta iliyompa mzamiaji hewa pale tu anapoivuta. Hayo ni kweli na ni makubwa. Lakini Waingereza waliotaka kupita kwenye mapango ya Mendip yaliyojaa maji hawakumsubiri Cousteau. Katika miaka ya 1930 Graham Balcombe alijaribu kuzama pangoni Swildon's Hole kwa kifaa cha kupumulia alichokiunda mwenyewe, kikiwa na sehemu za baiskeli. Mwaka 1935 yeye na wenzake walizama Wookey Hole kwa vifaa vya kuazima. Waliowafuata waligundua kuwa mtungi wa mgongoni haupiti kwenye upenyo mwembamba, wakauhamishia ubavuni kwa mikanda waliyoishona nyumbani. Miaka ya 1980 wazamiaji wa Florida, Woody Jasper miongoni mwao, waliliendeleza wazo hilo, na mpira wa tyubu ya baiskeli ukawa ndio unaovuta shingo ya mtungi ikae karibu na kwapa. Hapakuwa na duka la kuuza vitu hivyo. Viwanda vilikuja baadaye, vikaiga kilichokwisha kufanyiwa kazi gereji.

Msimamizi wangu, alipoona rasimu ya kwanza, aliuliza swali fupi: "Na Rungwe iko wapi humu?" Lilikuwa swali la haki. Jibu liko kilomita chache kusini mwa Tukuyu, chini ya migomba: Ziwa Masoko, ambalo wengi huliita Kisiba.

Masoko ni ziwa la kasoko, duara lililochimbwa na mlipuko wa volkano, upana wake kama mita 700 na kina chake kinakaribia mita 40. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Wajerumani waliweka kambi kando yake, na jengo lao la mawe lilikuja kutumika kama mahakama. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasaland na kuiteka Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Wenyeji husimulia kwamba kabla ya kukimbia Wajerumani walitupa ziwani silaha na fedha. Watoto wa Rungwe hukua na hadithi hiyo, na wengine huwa watu wazima wakiwa bado wanaipigia hesabu.

Siwezi kuithibitisha hadithi hiyo, lakini naelewa kwa nini inaaminika. Vita ile katika nchi hii ilipiganwa kwa vitu vilivyoundwa, vilivyozamishwa na vilivyoopolewa. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyokuwa ikiwaletea Wajerumani risasi na bunduki, ilipigwa na Waingereza ikakwama Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Wazamiaji wakaingia ndani yake, shehena ikatolewa, risasi zikafunguliwa na kukaushwa moja moja. Julai mwaka huo huo meli ya kivita Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake katika delta ya Rufiji. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikawekewa magurudumu, ikavutwa nchi kavu. Mwaka 1916 karakana ya reli Tabora ilitengeneza sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo, kwa sababu fedha kutoka Ulaya haikuweza tena kufika. Mwaka huo huo Graf von Götzen ilipakwa grisi kwenye mitambo na kuzamishwa Ziwa Tanganyika. Iliibuliwa mwaka 1924, ikapewa jina la Liemba. Kwa watu walioona au kusikia hayo yote, fedha iliyolala chini ya Masoko haikuwa jambo la ajabu.

Lakini waliofaidika na Masoko ni wanasayansi. Katika miaka ya 1990 watafiti walichukua matope ya chini yake na kusoma humo hali ya hewa ya miaka zaidi ya 40,000. Kisha wakaja wataalamu wa samaki. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba samaki wa aina moja ndani ya ziwa hili dogo wanaachana na kuwa makundi mawili: wa pembezoni, ambao madume yao ni ya njano, na wa kilindini, kwenye kina cha mita 20 na zaidi, ambao madume yao ni ya buluu. Ili kujua hilo ilibidi samaki wakamatwe kwa vina, na mtu kushuka mahali ambapo mwanga unakwisha. Nikisoma makala kama hiyo, jicho langu huenda kwenye sentensi fupi za namna samaki walivyopatikana. Jenomu za samaki zimeandikwa herufi kwa herufi. Namna mzamiaji alivyofunga mtungi wake haikuandikwa.

Na Masoko si bahari. Ziwa liko karibu mita 840 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya wazamiaji huanza kuhitaji marekebisho kuanzia mita 300. Sababu yake ni ya zamani. Mwaka 1878 Paul Bert alieleza kwamba mzamiaji anayepanda haraka huumia kwa sababu naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kama mapovu. Mwaka 1908 John Scott Haldane alitoa majedwali yake, msingi wake ukiwa kwamba mwili huvumilia shinikizo kupungua kwa nusu, yaani 2 kwa 1. Baharini, mita 10 chini ya maji ni takriban 2 kwa 1. Masoko hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo mita zile zile 10 zinakuwa kama 1.9 kwa 0.9, na uwiano unazidi 2. Halafu, ukishamaliza kuzama, barabara ya kurudi mjini inapanda. Tukuyu iko juu ya Masoko kwa mamia ya mita, na ukiendelea Mbeya unapita Isongole, penye baridi, juu ya mita 2,000. Mgonjwa anayepelekwa hospitali kwa njia hiyo anazidi kupungukiwa shinikizo kadiri gari linavyopanda. Anayewaza kuitafuta hazina kwa mtungi mmoja wa kuazima inafaa alijue hilo kabla ya kujua bei ya dhahabu.

Mtungi wa akiba niliufunga mwenyewe, Tukuyu, ili nielewe ninachokiandika. Vitu vyenyewe ni vichache: klipu kubwa ya chuma ya kubania mpira wa maji, kamba ya nailoni ya milimita 6, kulabu mbili zenye springi, kipande cha bomba la plastiki, na tyubu. Klipu hubanwa katikati ya mtungi. Kamba hupita chini ya klipu, hupenyezwa kwenye kipande cha bomba ili kiwe mpini wa kushikia, kisha huzungushwa shingoni mwa mtungi. Kulabu moja hufungwa juu, ya pili chini. Ya juu hushikizwa pete ya kifuani, ya chini pete ya kiunoni, upande wa kushoto. Vipande viwili vya tyubu huvalishwa mtungini, na bomba la regyuleta huchomekwa chini yake, lisining'inie.

Fundi baiskeli aliyenikatia tyubu aliitazama kazi, akauliza kwa nini sikuiunga kulabu moja kwa moja kwenye klipu, chuma kwa chuma, badala ya kuhangaika na kamba. Nikamwambia kulabu ikikwama chini ya maji, kamba inakatika kwa kisu, chuma hakikatiki. Akafikiri kidogo. "Hata mzigo wa ndizi ni hivyo, mwanangu," akasema. "Pikipiki ikilala mtoni, kwanza unakata mpira." Hiyo ndiyo kanuni ambayo wazamiaji wa mapangoni hufundishana: usiunge chuma kwa chuma. Alikuwa nayo tayari, ila hakuna mtu aliyewahi kumwita mtaalamu wa usalama.

Hapo ndipo nilipopata jibu la msimamizi wangu. Tumezoea kuita kazi ya namna hii ya kienyeji, tukimaanisha ya muda, ya umaskini, ya kusubiri kifaa halisi kifike. Lakini mtungi wa akiba unaouzwa leo kwa bei kubwa, na mkanda wake wenye nembo, ni nakala iliyosafishwa ya kitu kilichofungwa kwa tyubu. Tofauti kati ya ubunifu na ubabaishaji haiko kwenye vifaa. Iko kwenye swali kama aliyefunga anajua kwa nini kila fundo liko pale lilipo, na kama alilijaribu kwenye maji mafupi kabla ya kwenda marefu. Mabaharia waliopaka grisi mitambo ya Götzen walijua. Fundi wa Tukuyu anajua. Anayekodi mtungi na kuurusha mgongoni bila kuugusa tena hajui, hata kama vyote alivyovaa ni vipya.

Kwa hiyo katika tasnifu yangu nimeweka sura ya vifungo. Nimechora mchoro wa mtungi, nikaandika urefu wa kamba, upana wa kipande cha tyubu, na mahali klipu inapokaa. Pembeni nimechora mkungu wa ndizi kwenye keria ya baiskeli, mpira ukiwa umezungushwa mara nne, ncha yake imechomekwa chini. Wasomaji wa kamati wataamua kama ni historia. Mimi nimeiweka kwenye sura ya pili, mara tu baada ya Königsberg.